Shemeji, twita na kile kitufe

Shemeji yangu ni fundi mitambo wa harusi. Ukumbi wowote anaoufunga yeye, bibi harusi anatikisika hata kama amekaa, na miaka yote hiyo sijasikia ameambiwa "punguza" akaelewa. Sasa mtu kama huyo, ukimwambia una spika za sebuleni unataka kuzifungia amplifaya mbili, hupati usingizi tena mpaka kazi iishe.

Spika zenyewe ni mtumba wa Uingereza, boksi za mbao, nyuma zina sehemu nne za kufungia waya badala ya mbili. Maana yake wufa, ile spika kubwa ya besi, inaweza kupata amplifaya yake, na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, ya kwake. Zinatoka kiwandani zimeunganishwa kwa vibati vya rangi ya dhahabu. Ukisahau kuvitoa halafu ukafunga amplifaya mbili, umezigonganisha zenyewe kwa zenyewe. Vibati nilishavitoa, nikasikiliza, na nitasema kweli: krosova, yaani kile kigawa sauti nzito na nyembamba, ikibaki humo humo ndani ya boksi, tofauti utaisikia kwa imani tu. Utamu unakuja ukiiondoa hiyo ya ndani, ukaweka krosova ya umeme ambayo inagawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya.

Krosova tukaipata Kariakoo. Fundi aliyetuuzia akaniambia jambo moja la maana: "Kaka, kwenye twita weka kapasita. Ya maikrofaradi 20 inatosha." Kwa twita ya omu 8, kapasita hiyo inaanza kuzuia kila kitu kilicho chini ya hezi 1,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Shemeji akacheka mpaka akashika kaunta. "Shem, kapasita inakula muziki." Tukaondoka bila kapasita.

Nyumbani ukaja mjadala wa amplifaya. Mimi nina ya zamani, wati 40. Yeye alikuja na ya harusi, wati 500 kila upande, feni inanguruma, bado ina karatasi ya rangi ya waridi imenasa kwenye matundu. Nikasema ya kwangu iende kwenye twita, maana twita ya inchi moja kwa sauti ya sebuleni hata wati tano haimalizi.

"Wapi! Amplifaya ndogo ndiyo inayounguza twita," akasema. "Ikizidiwa inakwaruza, ikikwaruza inachoma. Kubwa inapumua."

Ubaya wa shemeji ni kwamba hasemi uongo mtupu. Amplifaya iliyozidiwa kweli huchoma twita. Yeye akishapata hiyo nusu ya ukweli, nusu nyingine anaijaza kwa sauti. Ya harusi ikafungwa kwenye twita. Tulipowasha tu, kabla ya wimbo wowote, twita zikaanza kutoa "shhhh" hadi ukumbini kwa jirani, kwa sababu zile mashine za harusi zinakuza mno, na hakuna aliyekuwa amelinganisha sauti za amplifaya mbili.

Mgawanyo ulitakiwa uwe hezi 2,500: juu yake twita, chini yake wufa. Shemeji akazungusha pale kwenye krosova mpaka alama ikasimama kwenye 250, akajipangusa mikono. Pembeni ya ile alama kulikuwa na kitufe kidogo kuliko punje ya choroko, kimeandikwa "x10". Hicho ndicho kinachoifanya 250 iwe 2,500. Kilikuwa kimetulia, hakijabonyezwa.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa kwetu. Ni mtu wa Tanga, amekua enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu kwake si jambo la mchezo. Akaagiza ya kwao huko, kisha akaenda jikoni kuangalia wali.

Hezi 250 maana yake karibu mwimbaji mzima, karibu gitaa zima, makofi na vigelegele, vyote vimetumwa kwenye kitambaa cha inchi moja. Wufa ikabaki na besi peke yake. Na spika ukiitaka itoe sauti ile ile kwa masafa yaliyo chini mara kumi, inabidi icheze mbele na nyuma mara mia. Mwimbaji akaanza kuimba kama amefungiwa ndani ya debe.

"Bado haijapata moto," akasema shemeji, akaongeza.

Ilipata. Niliona kile kikuba cha twita ya kushoto kinatetemeka kwa macho, kitu ambacho twita haitakiwi kukifanya. Likaja "tk", kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kupita picha yetu ya harusi. Ya kulia ikafuata kabla ubeti haujaisha. Besi ikaendelea peke yake, du, du, du.

"Mkwe wangu," sauti ikatoka jikoni, "nani kaunguza kitu huko? Huku kwangu mbona kitunguu hata sijakitia!"

Akaja na mwiko mkononi. Akamtazama mwanawe, akaangalia moshi, wala hakuuliza nani kafanya. "Na kwenye harusi za watu huwa unafanya hivi hivi?"

Shemeji akazifungua zile twita kimyakimya. Waya wa ndani ulikuwa mweusi, unanuka vanishi. Mama mkwe akazipima mkononi, akaona sumaku zinavuta kijiko, akazitia kwenye mkoba: mlango wa friji yake Tanga haushiki siku nyingi. Kisha akatoa simu, akaitumbukiza kwenye sufuria tupu, taarabu ikasikika vizuri tu, kila neno.

Shemeji akaisogelea ile sufuria, akainama, akasikiliza kwa makini.

"Shem," akaninong'oneza, "hapa tukiongeza ile kubwa ya pilau, ikabeba besi peke yake..."

Mwiko ulimpata begani.