Vijisanamu vya Wapiganaji wa Kale: Usahihi wa Mmoja na Uongo wa Kikosi

Miongoni mwa wanaopaka rangi vijisanamu vya wapiganaji wa Ulaya wa karne ya 6 hadi ya 11, yaani Wasaksoni, Wafaranki na Waviking, upo mvutano wa siku nyingi kuhusu mipaka ya uhuru wa mpakaji. Upande mmoja unashikilia kwamba kijisanamu cha kihistoria, hata kikiwa na kimo cha milimita 28 tu, hakina budi kufuata ushahidi wa makaburi, maandishi na michoro, na kwamba kisichothibitishwa kiachwe. Upande wa pili unajibu kwamba ushahidi wenyewe ni haba, na anayengoja uthibitisho wa kila bizimu hatachovya brashi maisha yake yote. Hoja zote mbili zina uzito. Kasoro yao, kwa maoni yangu, ni kwamba zinakitazama kijisanamu kimoja kimoja, ilhali kosa kubwa huonekana vikishapangwa pamoja mezani.

Tuanze na rangi, maana ndiko ugomvi ulikokolea. Wapakaji wenye msimamo mkali hupenda kahawia, kijivu na tope, wakieleza kwamba sufu isiyotiwa rangi ndiyo iliyokuwa nguo ya mkulima aliyeitwa vitani. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yamezidishwa hadi kahawia ikaonekana kuwa uthibitisho, wakati nayo ni dhana tu. Uchimbaji wa mtaa wa Coppergate mjini York, ulioanza mwaka 1976, ulifukua katika tabaka za enzi ya Waviking mabaki ya mimea ya kutia nguo rangi, ukiwemo mmea wenye mizizi itoayo wekundu na mwingine ambao majani yake hutoa buluu ileile ya nili. Merikebu ya Waviking ya Gokstad, iliyofukuliwa Norwe mwaka 1880, ilikuwa na ngao 32 kila upande, zimepakwa njano na nyeusi kwa kupokezana. Watu hao hawakuchukia rangi.

Hata hivyo, ushahidi huo hauwapi wenzetu wa upande wa pili ruhusa ya kufungua kila kichupa dukani. Rangi za mimea zina upana wake: hufifia kwa jua na kufuliwa, na kitambaa kilichochovywa mara moja hakifanani na kilichochovywa mara nyingi. Ndiyo maana nyekundu kali ya kiwandani, ikipakwa bila kupunguzwa kwenye kanzu ya mpiganaji wa kawaida, hulifanya jicho likatae mara moja. Lipo pia suala la ukubwa. Kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kilivyo, hivyo mpakaji hulazimika kung'arisha mikunjo ya nguo na kutia kivuli mabondeni kupita uhalisia, la sivyo kazi yote huonekana kama doa kwa mtu aliyesimama hatua mbili. Anayedai uaminifu kamili wa rangi amekwisha kuuvunja kwa hatua hiyo ya lazima, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Kwenye silaha mambo hugeuka. Kofia ya chuma ya Sutton Hoo, iliyopatikana Uingereza mwaka 1939 ikiwa vipande mamia, imeungwa upya mara mbili, na umbo la pili, lililokamilika mwaka 1971, si lile la kwanza. Ile ya Gjermundbu, iliyopatikana Norwe mwaka 1943, ni miongoni mwa chache mno za enzi ya Waviking zilizobaki karibu nzima. Wachongaji hunakili kofia hizo kwa uangalifu wa kusifiwa, kisha huwapa panga, dirii za pete na kofia za chuma karibu wapiganaji wote wa sanduku moja. Kila kijisanamu kinaweza kutetewa kwa kaburi fulani, lakini hamsini wakisimama pamoja ni jeshi la wafalme pekee. (Pembe za kofiani nisizijadili; zilienezwa zaidi na mavazi ya opera za mtunzi Mjerumani Wagner huko Bayreuth mwaka 1876.)

Hapo ndipo kugeuza vijisanamu, yaani kuvikata na kuviunda upya, kazi inayodhaniwa kuwa ya wapenda njozi, inapokuwa chombo cha mwanahistoria. Ugeuzaji wenye faida kuliko wote ni wa kushusha hadhi: upanga uwe mkuki. Upanga wa plastiki hukatwa kwa kisu chembamba na ngumi ikaachwa. Ngumi hutobolewa kwa keekee ndogo ya mkono yenye ncha isiyofika milimita moja. Waya hupitishwa na kushikizwa kwa supaglu. Kabla ya hapo ncha ya waya hugongwa kwa nyundo hadi ibapanike, kisha hupigwa tupa ipate umbo la jani. Dirii nayo hufunikwa kwa joho la udongo wa epoksi, ambao sehemu zake mbili, ya njano na ya buluu, hukandwa pamoja hadi ziwe kijani.

Mpinzani anaweza kumtaja Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliyewakuta Warusi wa kale, wenye asili ya Skandinavia kama Waviking, kwenye mto Volga mwaka 922 na kuandika kwamba ni warefu kama mitende, na kwamba kila mmoja haachani na shoka, upanga na kisu chake. Ni shahidi wa macho, hapuuziki. Lakini aliowaona walikuwa wafanyabiashara wa ngozi na watumwa, wenye fedha za kununua panga. Mpakaji anayetengeneza kundi lao na awape panga wote, asiwape wakulima wa Wessex, ufalme wa Wasaksoni huko Uingereza.

Kipimo hicho cha kulitazama kundi zima kinafaa hata kwenye suala linalowasha watu zaidi, la wapiganaji wanawake. Kaburi la Bj 581 huko Birka, Uswidi, lililochimbwa mwaka 1878, lilikuwa na upanga, shoka, mikuki, mishale, ngao mbili na farasi wawili, na kwa zaidi ya karne lilihesabiwa la mwanamume hadi uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2017 ulipoonyesha mifupa ni ya mwanamke. Wapo wataalamu wanaohoji kama silaha za kaburini zinathibitisha kazi ya marehemu, na swali lao ni halali, ingawa lilipaswa kuulizwa pia enzi alipodhaniwa mwanamume. Kwa ushahidi huo, mwanamke mmoja kwenye kundi anatetewa vizuri, nusu ya kundi hapana. Wengi wanaomtengeneza hubadilisha kichwa tu na kuongeza msuko wa nywele juu ya mwili wa askari wa miguu aliyeinua shoka. Kaburi lenye mishale na farasi wawili linadai zaidi ya hapo: tandiko, hatamu na podo la mishale vitangulie, kichwa kifuate.