Ukurasa wa 147

Katika klabu yetu ya usomaji hapa Tanga, amri ya mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, haikatiwi rufaa. Alituagiza tusome riwaya ya upelelezi hadi mwisho wa ukurasa wa 147, tusivuke hapo hata kwa nukta, ili siku ya kikao tubashiri kwa pamoja muuaji ni nani. Wengi walikuwa na kitabu cha karatasi. Mimi nilikuwa na kisomeo, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na shangazi mmoja alisomea kwenye simu.

Kisomeo changu hakikuonyesha kurasa. Kilikuwa na namba za mahali tu, ambazo hukata matini vipande vidogo visivyohama hata msomaji akikuza herufi, kwa kuwa herufi zikikuzwa maneno husukumana na kurasa za kwenye kioo huongezeka. Kindle, kisomeo cha kampuni ya Amazon, ilipoingia sokoni Novemba 2007 ilitegemea namba za namna hiyo. Kurasa zinazolingana na za karatasi zilianza kuonekana mwaka 2011, tena kwa vitabu vilivyowekewa ulinganisho huo. Mchapishaji wa riwaya yetu hakujisumbua, nami kwa tahadhari nikaacha kusoma mapema.

Ilipofika zamu yangu ya kusoma aya ya mwisho ya ukurasa ule, nilipiga hesabu ambayo Mwalimu mwenyewe angeipa alama zote: kitabu cha karatasi kina kurasa 220, changu kinaishia namba 4,180, basi kila ukurasa ni namba 19, na 147 mara 19 ni 2,793. Nikafungua hapo, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: “Ni wewe, shemeji, uliyetia sumu katika uji wa marehemu.”

“Marehemu nani?” aliuliza shangazi.

Yeye alikuwa amekuza herufi hadi neno “mpelelezi” likahitaji mstari wake, akasoma kwa uaminifu hadi ukurasa wa 147 kati ya 812 za simu yake. Huko kwake hakuna aliyekufa, na uji ulikuwa bado jikoni.

Mwalimu alipekua karatasi zake, akaikuta sentensi yangu kwenye ukurasa wa 186, akanitazama kama aliyenikamata na majibu ya mtihani. Hesabu haikuwa na kosa. Kitabu ndicho kilichokuwa na mkia: hadithi yetu iliishia namba 3,300, na zilizobaki zilikuwa sura za mwanzo za riwaya nyingine, zilizobandikwa nyuma ili tuinunue.

Mwenzetu mmoja anayeandika tasnifu alituliza ghasia kwa kueleza kwamba mwongozo wa APA wa uandishi wa kitaaluma, toleo la saba la mwaka 2019, hautaki namba za mahali za Kindle katika marejeo, na kwamba pasipo na kurasa mtu ataje sura na aya. Mwalimu alifurahi, akaamuru tuhesabu aya za sura ya kumi na mbili papo hapo. Ukazuka ubishi iwapo “Ala!” ya mpelelezi, iliyokaa peke yake kwenye mstari, ni aya kamili, wenye karatasi walifika 31, mimi nikafika 34.

“Mimi msinihesabie,” alisema shangazi, akivaa miwani yake vizuri. “Nangoja kwanza huyo bwana aunywe uji wake.”