Yule jirani wa Köln ana haki yake

Wiki iliyopita kundi letu la WhatsApp la ukoo lilichafuka. Mdogo wangu anayeishi Köln, Ujerumani, alituma picha ya barua aliyoandikiwa na kampuni inayosimamia jengo analopanga. Jumapili mwanawe alitimiza miaka mitano. Wakachoma nyama kwa mkaa pale roshani, spika ikawekwa mlangoni, wageni wakala na kucheza mpaka usiku ukaingia. Jirani wa ghorofa ya juu akapeleka malalamiko. Barua ikamkumbusha mdogo wangu kwamba mkataba wake wa pango unakataza jiko la mkaa roshani, na kwamba ikifika saa nne usiku jengo linatakiwa litulie.

Majibu yalimiminika. "Wabaguzi hao." "Mzungu hana utu." "Rudi nyumbani mdogo wetu, huko si pa kuishi." Kisha shangazi akaandika: "Hapa kwetu jirani akisikia harufu ya nyama anakuja na sahani." Ukoo mzima ukampigia makofi. Sikutaka kubishana na shangazi mbele ya wanawe, kwa hiyo kule nilinyamaza. Lakini sikubaliani naye hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na huyo jirani wa juu. Kiangazi cha kule nyumba nyingi hazina kiyoyozi, watu wanafungua madirisha wapate hewa. Moshi wa mkaa unapanda, na unaingia kwake moja kwa moja. Afanye nini? Afunge dirisha achemke, au aliache wazi akohoe na nguo zake zinuke moshi? Hakushuka na rungu. Hakumtukana mtu. Alipeleka shauri lake kwa anayehusika, basi.

Na tusidhani sheria hizo zimetungwa kwa ajili ya Waafrika. Wajerumani wenyewe wanapelekana mahakamani kwa moshi tangu zamani. Mwaka 1997 mahakama moja ya Bonn iliamua kesi ya kuchoma nyama roshani: mpangaji achome mara moja kwa mwezi, kuanzia Aprili hadi Septemba, na awape majirani taarifa saa 48 kabla. Januari 2015 mahakama ya juu ya nchi ile ilipokea shauri la wapangaji waliochoshwa na moshi wa sigara wa jirani wa chini. Ikasema anayevuta ana haki ya kutumia roshani yake, na anayeudhiwa naye ana haki ya kukaa kwake bila moshi, kwa hiyo kupangwe saa: saa hizi za huyu, saa hizi za yule. Mimi uamuzi huo ulinigusa. Hakuna aliyeambiwa avumilie tu, na hakuna aliyenyang'anywa kwake. Jumapili ndiyo usiseme, mashine ya kukata nyasi haiwashwi kwenye makazi, na kutoboa ukuta ni ugomvi. Hata walioko Uingereza wanalijua hili, maana baada ya ule moshi wa London wa Desemba 1952 ulioua maelfu ya watu, Bunge lao lilitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, na leo halmashauri ina nguvu ya kukuandikia ilani kwa moshi au kelele zinazomtesa jirani.

Ndiyo, ubaguzi upo. Wapo wanaoona harufu ya dagaa wa Mwafrika ni kero na soseji za Mjerumani mwenzao si kitu, na mtu wa hivyo akatazwe bila kuonewa haya. Nakubali pia kwamba barua ya kampuni inauma kuliko hodi ya mlangoni. Jirani angeshuka ngazi akasema, ingekuwa vizuri zaidi. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kila anayelalamika anakuchukia ni mbali sana.

Sasa nije kwenye sahani ya shangazi.

Shangazi anaikumbuka Dodoma ya utotoni mwake. Kaya iko huku na nyingine kule, katikati kuna zizi na shamba la uwele, moshi wa nyumba ya tembe ni wa wenyewe waliomo ndani. Ngoma ikipigwa, mtaa mzima ni ndugu na wote wamealikwa. Dodoma hiyo mimi niliiona kwa mbali tu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ikavunjwa 2017 na viwanja vikapimwa kila upande, mitaa kama wetu huku Ilazo imejaa watu wasiojuana. Huyu kahamishwa na wizara kutoka Dar, yule katoka Mbeya kufuata biashara, mwingine ni Mgogo wa Mvumi aliyejenga kidogo kidogo kwa mazao yake. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Dirisha la chumba cha watoto linatazama shimo la taka la jirani. Hapa nani anakuja na sahani?

Kinachokuja ni moshi. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma haupumziki, mnaujua. Jioni watu wakirudi kazini wanafagia uwanja, wanakusanya majani makavu, chupa za plastiki, mifuko na pampasi zilizotumika, wanawasha. Ule moshi si wa kuni. Ni mweusi, mzito, unakwaruza koo, na upepo unaulaza chini usawa wa madirisha. Ukiingia ndani unakaa kwenye chandarua. Mwanangu wa pili ana pumu. Jioni ya namna hiyo namsikia kifua kinapiga filimbi, namkalisha kitandani ameegemea mto, namshikia kile kichupa cha kuvuta dawa na kile kikopo chake, namhesabia pumzi, na huku nje nasikia watu wakiongea na kucheka kando ya moto. Si watu wabaya. Hawajui, na hawajui kwa sababu mtaani kwetu kumwambia mtu "moshi wako unamuumiza mwanangu" kunahesabiwa ni kutafuta ugomvi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tumejenga tabia ya kumwona anayelalamika kuwa ndiye mkosaji. Mama aliyejifungua juzi akisema spika ya grosari haimpi usingizi, anajibiwa "ukitaka kimya hamia porini". Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akiomba fundi geti asogeze kazi ya kusaga vyuma angalau mpaka mchana, anaambiwa anamzibia mwenzake riziki. Mpangaji hathubutu hata kufungua mdomo, maana mwenye nyumba na mwenye grosari ni marafiki na kodi ya miezi sita ameshalipa. Ikiwa kelele inatoka kwenye mkesha wa ibada ndiyo kabisa, atakayesema ataitwa adui wa Mungu. Na ukimaliza yote unapewa methali ya mvumilivu na mbivu zake. Anayevumilia siku zote ni yuleyule: mgonjwa, mtoto, mzee, mpangaji, mwanamke aliye ndani. Mwenye spika hajaombwa avumilie chochote.

Halafu mtu aliyekulia katika tabia hiyo anapanda ndege anakwenda Ujerumani. Siku ya kwanza anapoambiwa "punguza", anasikia tusi. Hajawahi kuona malalamiko yakipelekwa kwa utaratibu na maisha yakaendelea. Kwake malalamiko ni vita, kwa hiyo anayeyaleta lazima awe adui, na kwa kuwa adui huyo ni mweupe, sababu inapatikana upesi.

Nasi sheria tunazo, tusijidanganye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zimeweka kiwango cha mchana na cha usiku, cha usiku kikiwa chini. Mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipita ikifungia baa na kumbi zilizozidisha sauti, na nakumbuka watu waliokuwa wakiteseka kimyakimya miaka yote walivyoshangilia. Ila NEMC haiwezi kusimama kwenye kila ukuta unaotenganisha nyumba mbili. Kazi hiyo ni yetu, na ya balozi wa nyumba kumi, na ya mwenyekiti wa mtaa. Kuhusu taka nakiri kwamba gari likipita siku lijisikiavyo mtu atachoma tu. Hilo ni deni la jiji, ila bado halimpi mtu ruhusa ya kuchoma pampasi chini ya dirisha la mwenzake.

Mdogo wangu nilimpigia simu pembeni. Alilia kidogo, akasema, "Dada, wamenidhalilisha mbele ya mwanangu." Nikamwambia hajadhalilishwa, ameambiwa. Nikamshauri apande ngazi moja agonge hodi kwa yule mtu wa juu, ajitambulishe, aseme ilikuwa siku ya mtoto na hakujua moshi unaingia kwake kiasi hicho. Sherehe ijayo abandike karatasi mlangoni mwa jengo siku mbili kabla, aandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza na namba yake ya simu. Mkaa aupeleke kwenye bustani za mji zilizotengewa kuchomea nyama, nyumbani atumie jiko la umeme. Alisema atafikiri. Hodi hajaipiga mpaka leo ninapoandika.

Mimi kwa upande wangu, jirani wa shimo la taka nimeshamfuata, jioni, kabla moto haujawashwa. Alinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, akasema atachoma asubuhi upepo ukiwa umetulia, na mara nyingi anafanya hivyo. Bado grosari. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nitaomba mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: spika zizimwe saa ngapi, na gari la taka lipite siku gani. Mwenyekiti nimeshamwambia kwamba nitasimama, na nimemwomba ampelekee mwenye grosari taarifa mapema ili naye aje aseme yake.