Afya ya jamii katika mtaala wa uuguzi: somo la peke yake au sehemu ya kila somo?

Kila mtaala wa uuguzi unapofanyiwa mapitio, mzozo mmoja hurudi mezani. Je, afya ya jamii ifundishwe kama somo linalojitegemea, lenye mkufunzi wake, mtihani wake na wiki zake za mafunzo kwa vitendo nje ya hospitali, au isambazwe katika masomo yote, ili anayefundisha uuguzi wa watoto afundishe pia chanjo, na anayefundisha uuguzi wa majeruhi afundishe pia kwa nini majeruhi hao wanatoka zaidi katika barabara fulani? Pande zote mbili zina watu makini, na kila upande una hoja ambayo upande wa pili haujaijibu vizuri. Nyuma ya mzozo huo upo mwingine usiosemwa waziwazi: je, mwanafunzi ambaye mkono wake bado unatetemeka anapotafuta mshipa ana sababu gani ya kutumia muda wake kuhesabu watu ambao hawajaugua?

Nianze na wanaosema kwamba kitanda cha mgonjwa kwanza, kwa kuwa hoja yao hudharauliwa upesi mno na wapenzi wa afya ya jamii. Saa za masomo zina kikomo. Muuguzi aliyehitimu juzi akikosea kukokotoa kipimo cha dawa, au akishindwa kutambua kwamba mgonjwa anayepumua kwa kasi na kuanza kuchanganyikiwa anazidiwa, madhara yataonekana kabla zamu haijaisha. Asipojua kusoma takwimu za magonjwa za eneo lake, hakuna atakayekufa usiku huo kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, wahitimu wengi huanza kazi hospitalini, na mwajiri anataka mtu anayeweza kukabidhiwa wodi. Chuo kinachopunguza saa za wodi ili kuongeza saa za jamii kinachukua dhamana ambayo wagonjwa wa kesho ndio watakaoilipia.

Hoja hiyo hupata nguvu zaidi kutokana na namna mafunzo ya jamii yanavyoendeshwa mahali pengi. Wanafunzi hugawiwa nyumba, hupewa dodoso refu, hujaza majibu, na kwa siku chache zilizobaki huandaa wasilisho na bango la kunawa mikono, ambalo hubandikwa ukutani karibu na lile lililoachwa na kundi la mwaka uliopita. Mwanafunzi anayelalamika kwamba angejifunza zaidi wodini hana kosa. Kwa mpango wa namna hiyo, anasema kweli. Lakini ubovu huo ni wa utekelezaji, na hauthibitishi kwamba jambo lenyewe halina maana, kama vile wodi isiyo na msimamizi isivyothibitisha kwamba mafunzo ya wodini ni bure.

Historia ya taaluma hii nayo haikubali mgawanyo huo kirahisi. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale, ambaye mwaka 1860 shule ya uuguzi ilianzishwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London, ndiye pia aliyerudi kutoka Vita vya Krimea na kuchora takwimu zilizoonyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha ya vita. Mtu aliyesisitiza hewa safi, usafi na uangalizi wa karibu wa mgonjwa mmoja mmoja ndiye aliyedai pia hesabu za vifo zipangwe kwa sababu zake, kwa kuwa bila hesabu hizo asingejua uangalizi wake unashindwa wapi.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Huko New York, muuguzi Lillian Wald alianzisha mwaka 1893 huduma ya wauguzi waliokwenda kuwatibu maskini nyumbani kwao. Miaka michache baadaye madaktari wa jiji walikuwa wakikagua wanafunzi wa shule na kuwarudisha nyumbani wale wenye trakoma (ugonjwa wa macho unaoambukiza), chawa na magonjwa ya ngozi. Kwa mtazamo wa afya ya umma zoezi lilikuwa limekamilika: waliokutwa na maradhi wametengwa, na waliobaki wamelindwa. Kasoro ni kwamba waliotengwa hawakutibiwa na mtu, hivyo walibaki nje ya darasa. Mwaka 1902, kwa msukumo wa Wald, muuguzi Lina Rogers alipewa shule kadhaa kwa majaribio. Akawatibu shuleni waliotibika hapo hapo, akawafuata wengine nyumbani, akawaelekeza wazazi. Ndani ya mwaka mmoja idadi ya waliorudishwa nyumbani ilishuka sana. Hesabu ndiyo iliyoonyesha tatizo liko wapi, na mikono ya muuguzi ndiyo iliyolitatua. Anayedai kwamba mwanafunzi achague kimoja anapaswa kueleza Rogers angeacha kipi.

Tuangalie basi mwanafunzi anapata nini hasa katika somo hili ambacho wodi peke yake haimpi. Chukua mfano wa darasani. Kituo cha kwanza cha afya kimepokea watoto 40 wenye kuhara kwa mwezi, na cha pili kimepokea 25. Waulize wanafunzi wapi hali ni mbaya zaidi, na wengi watajibu kituo cha kwanza bila kusita. Kisha waambie kwamba kituo cha kwanza kinahudumia eneo lenye watoto 8,000, na cha pili eneo lenye watoto 2,500. Sasa hesabu inageuka: watoto 5 kwa kila 1,000 upande mmoja, na 10 kwa kila 1,000 upande wa pili. Mkufunzi mzuri haishii hapo. Atauliza kama vituo vyote viwili vinaaminika kwa kiwango kimoja, kwa sababu huenda eneo la kwanza lina watoto wengi wanaougulia nyumbani, ama kwa umbali, ama kwa gharama, ama kwa kuogopa kukaripiwa mapokezini. Atauliza pia kama watoto wa maeneo hayo wana umri unaolingana. Mwanafunzi aliyepitia maswali hayo haangalii tena daftari la kituo kwa macho yale yale, maana ameshajua kwamba kila namba ina watu ambao imetokana nao na watu ambao haikuwafikia.

Hao ambao hawakufikiwa ndio kiini cha jambo. Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika kwa wingi. Wodi, kwa maumbile yake, humwonyesha mwanafunzi wale waliofika tu. Akilelewa humo miaka yote ya mafunzo, ataamini kwamba ugonjwa ni kile kinachoingia mlangoni.

Lipo na jambo gumu zaidi, lililoelezwa mwaka 1985 na mwanaepidemiolojia (mtaalamu wa namna magonjwa yanavyoenea katika jamii) wa Uingereza, Geoffrey Rose: watu wengi wenye hatari ndogo wanaweza kutoa wagonjwa wengi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Kwa shinikizo la damu, maana yake ni kwamba kuwashughulikia wale tu ambao kipimo chao kimepanda mno kutaacha sehemu kubwa ya viharusi ikitokea kwa watu ambao vipimo vyao vilionekana si vya kutisha. Kupunguza chumvi kidogo katika chakula cha watu wote kunaweza kuzuia mengi, ingawa kila mtu peke yake hapati faida anayoweza kuiona. Fikra hii inapingana na silika ya muuguzi, anayefunzwa kumtazama huyu aliye mbele yake, na ndiyo sababu haiokotwi njiani. Lazima mtu aketi aifundishe.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa upande wa wanaotaka somo hili lisambazwe kila mahali. Wazo lao ni zuri. Mtoto mwenye surua yuko wodini. Wakati wa kukabidhiana zamu, mkufunzi anaongeza maswali machache: kadi yake ya chanjo inasema nini, nyumbani wapo watoto wangapi, nani kati yao hajachanjwa, na katika eneo wanakotoka kiwango cha chanjo kimefika asilimia 95 inayohitajika kuzuia surua isienee? Dakika tano zinatosha, na hakuna saa ya wodi iliyopotea. Somo limemfikia mwanafunzi likiwa na sura ya mtoto anayemfahamu. Hakuna mhadhara unaoweza kushindana na hilo.

Tatizo ni kwamba mkufunzi huyo lazima awe anajua, awe na muda, na awe anaamini kuwa maswali hayo ni kazi yake. Jukumu likiwa la wote, siku wodi imejaa litakuwa la kwanza kuachwa, na hakuna atakayeulizwa. Katika karatasi za mtaala afya ya jamii itaonekana imo kila mahali; katika kichwa cha mhitimu haitaonekana. Somo linalojitegemea angalau lina mtu anayewajibika na mtihani usiokwepeka. Hata hivyo nalo lina kosa lake, nalo ni kuchelewa. Likiwekwa mwishoni, baada ya mwanafunzi kuzoea kwamba uuguzi halisi ni dripu na chati, hupokewa kama mapumziko kabla ya mtihani wa mwisho.

Kuna suala moja ambalo pande zote mbili hulipitia juujuu, nalo ni haki ya jamii inayofanywa darasa. Mgonjwa wodini anapohudumiwa na mwanafunzi, anapata kitu: anageuzwa, anapewa dawa, anasikilizwa. Familia inayojibu dodoso la kurasa nane kuhusu choo chake, kipato chake na idadi ya waliofariki inapata nini? Vyuo vingi hupeleka makundi mapya katika mtaa ule ule, na kila kundi huanza maswali upya kana kwamba hakuna aliyewahi kufika. Ubaya wake hauishii kwenye kuchosha watu. Mwanafunzi anayekaa siku chache, akaona taka na maji yaliyotuama, akaondoka, huondoka na hitimisho kwamba watu wa pale hawajali usafi. Hajakaa vya kutosha kujua kwamba gari la taka haliji, au kwamba bomba la maji hufunguliwa usiku wa manane. Mafunzo ya jamii yasiyo na muda hutengeneza wauguzi wenye dharau, na kwa hilo ningekuwa radhi chuo kiyafute kuliko kuyafanya nusunusu.

Kwa maoni yangu, basi, somo libaki na jina lake na mkufunzi wake, ila lianze mwaka wa kwanza, na wiki za vitendo zigawanywe ili mwanafunzi arudi katika jamii ile ile miaka yote ya masomo. Kundi linaloingia lipokee kumbukumbu za kundi linalotoka, sawasawa na wanavyokabidhiana wagonjwa, na matokeo yasomwe mbele ya wakazi wenyewe kabla ya kusomwa chuoni. Maswali ya kando ya kitanda yaendelee, lakini kama nyongeza yenye kipengele chake kwenye karatasi ya tathmini ya wodi, maana mwanafunzi husoma kile anachojua ataulizwa.

Gharama ipo, na wanaotetea wodi wana haki ya kuitaja. Mkufunzi mmoja anaweza kuwaona wanafunzi wanane katika wodi moja kwa kugeuza shingo. Wanane hao wakitawanyika katika nyumba nane, anamwona mmoja. Kutumia wahudumu wa afya ya jamii kama wasimamizi kunasaidia, kwa sharti kwamba walipwe kwa kazi hiyo na sauti yao ihesabiwe katika kutoa alama. Chuo kisichoweza kumudu hilo kwa wanafunzi wote kingefanya vyema kupunguza idadi ya nyumba kwa kila mwanafunzi, hata kufikia familia moja tu, na kumtaka aifuate familia hiyo hadi ajue ni kwa nini mtoto wa tatu hakumaliza chanjo ilhali wawili wa kwanza walimaliza.