Mashine za mabati za Botou si mbovu, tunazinunua vibaya

Kwa wenye karakana za mabati, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Industrial Area ya Nairobi, kuna kauli inayorudiwa kila mashine mpya inapokwama: ukinunua Uchina umenunua chuma chakavu kilichopakwa rangi, anayetaka kazi anunue Ulaya. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake na nitaufikia. Lakini imewafanya watu waache kuuliza maswali ambayo yangewaokoa, na imewapaka tope watengenezaji ambao mara nyingi walitengeneza kile hasa walichoagizwa.

Nazungumzia mashine za kukunja mabati kwa rola. Koili, yaani bati bapa refu lililoviringishwa, la chuma kilichopakwa rangi, inaingia upande mmoja, inapita katikati ya safu za rola zinazoikunja kidogo kidogo, inatoka upande wa pili ikiwa msauzi au migongo midogo, na kisu kinaikata kwa urefu aliotaka mteja. Viwanda vikubwa kama ALAF ya Dar es Salaam au Mabati Rolling Mills ya Kenya vina wahandisi wao na wanajua wanachonunua. Wanaoumia ni wa kati, wenye mtaji wa mashine moja au mbili, waliovutwa na hesabu iliyo wazi: katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki mitambo ya uzalishaji kwa kawaida huingia kwa asilimia 0, ilhali bidhaa za chuma zilizokamilika zimekuwa zikitozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 baadhi yake ziko kwenye daraja la asilimia 35. Ni lazima watu wakunje hapa hapa.

Nyingi ya mashine hizo zinatoka mji ambao wanunuzi wengi hawajawahi kuutaja: Botou, chini ya Cangzhou, mkoani Hebei, kusini mwa Beijing. Eneo hilo lina historia ndefu ya kusubu chuma. Huko Cangzhou yupo simba mkubwa wa chuma aliyesubiwa mwaka 953, karne kadhaa kabla ya Kilwa kufikia kilele chake. Leo Botou imejaa karakana, kubwa na ndogo, zinazotengeneza mashine za aina moja kwa bei zinazotofautiana sana. Kiwanda kile kile kitakupa mashine nyepesi au mashine nzito, kutegemea umesema nini na umelipa nini. Hapo ndipo lawama zinapokosea njia.

Chukua shafti, ule mhimili unaobeba rola. Profoma mbili, yaani ankara za awali za bei, zinafika wiki moja, picha zinafanana, zote zimepakwa buluu. Moja imeandika shafti ya milimita 60, nyingine milimita 75, na hiyo ya pili ni ghali. Mnunuzi anaona tofauti ya milimita 15 na kuchagua ya bei nafuu. Lakini ugumu wa shafti dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Piga hesabu: ya 75 inakataa kupinda karibu mara mbili na nusu zaidi ya ile ya 60, wakati chuma kilichoongezwa ni asilimia 56 tu. Bati la paa lina upana wa takriban mita moja au zaidi kabla ya kukunjwa, kwa hiyo shafti ni ndefu, na shafti ndefu nyembamba hubinuka katikati. Rola za kati zinalegea, mgongo wa katikati haupati umbo lake. Mwendeshaji anakaza skrubu za pembeni ili kufidia, kingo za bati zinabanwa kupita kiasi, zinavutika, na bati linatoka na mawimbi pembeni. Mteja analikataa. Wanasema "Kichina". Ukweli ni kwamba milimita 60 ziliandikwa kwenye karatasi ambayo mnunuzi aliitia saini.

Mistari mingine ya karatasi hiyo inasomeka vivyo hivyo. Rola za chuma namba 45, chuma cha kawaida cha kaboni, kilichopakwa kromu hazidumu sawa na za GCr15, chuma kinachotumika kutengenezea beringi. Safu 14 za rola ni nafuu kuliko safu 18, lakini zinalazimisha kila safu ikunje zaidi. Mota iliyoandikwa volti 380 itazunguka Kenya, ambako umeme wa fezi tatu ni volti 415, ila itaishi karibu na ukomo wake na kupata joto. Mota ya volti 415 inaombwa kwa sentensi moja kabla ya oda kuanza.

Upande wa pili una haki yake. Watengenezaji kama Dreistern wa Schopfheim, Ujerumani, au Bradbury wa Moundridge, Kansas, wamejenga jina kwa miaka mingi, na ukinunua kwa watu wa daraja hilo unanunua pia wahandisi wanaokuuliza utakunja chuma gani kabla ya kukupa bei. Michoro inakuja kamili. Na kuna suala la usalama, ambalo sitaki kulipitia haraka: mashine inayouzwa Ulaya lazima itimize Agizo la Mitambo la 2006/42/EC, linalodai vikinga kwenye sehemu zinazozunguka na vitufe vya kusimamisha mashine kwa dharura. Mashine nyepesi nyingi zinafika kwetu zikiwa na cheni na gia zilizo wazi. Kijana wa miaka ishirini anayeelekeza ncha ya koili kwenye rola za kwanza kwa mikono mitupu ndiye anayelipia punguzo alilopata bosi wake. Wanaozisema mashine hizo kwa hilo wako sahihi kabisa.

Hata hivyo, vikinga navyo vinaagizwa. Kiwanda cha Hebei kinachouza Ulaya kinajua kuvitengeneza. Sisi hatuviombi kwa sababu vinaongeza bei.

Jambo linaloniuma zaidi ni majaribio. Mabati mengi membamba tunayotumia kwenye paa, ya geji 30, yaani takriban milimita 0.3, hutoka kwenye chuma kigumu cha daraja la G550, kinachohitaji mkazo wa megapaskali 550 kabla ya kukubali kukunjika moja kwa moja. Chuma laini cha G300 kinahitaji 300. Kigumu ukikikunja kinajirudi, na kwa unene ule ule kinajirudi karibu mara mbili zaidi ya laini. Sasa, kabla ya kusafirisha mashine, kiwanda hukutumia video ya majaribio: bati linatoka, muziki unapigwa, kila mtu anafurahi. Koili iliyomo kwenye video ni ya nani? Ni ya kiwanda, chochote kilichokuwa karibu, pengine laini na pengine nene. Mashine imerekebishwa kwa chuma hicho. Inafika Dar es Salaam au Mombasa, inalishwa G550 ya milimita 0.3, na mikunjo yote inafunguka digrii kadhaa. Mashine haijaharibika hata kidogo. Haijawahi kuonyeshwa kazi yake.

Dawa yake ni ndogo mno kuliko hasara. Tuma kipande cha koili yako mwenyewe kiwandani, au taja kwenye mkataba daraja na unene wa chuma kitakachotumika katika majaribio, cheti cha koili kikiambatishwa. Kisha dai kuona kazi kwa karibu: mabati mawili yalazwe sakafuni, mgongo wa pembeni wa moja ukae juu ya mgongo wa mwenzake, na usikae ukining'inia. Uzi uvutwe kutoka ncha hadi ncha ya bati la mita sita ili kuona kama limepinda kando. Vipimo vya pembe kwa pembe vichukuliwe, maana visipolingana kisu kimekaa upande. Aende kusimamia mtu wako mwenyewe au mkaguzi wa kulipwa. Cheti cha ubora kinachodaiwa na mamlaka za viwango kabla ya mzigo kupakiwa hakipimi kama mashine yako inakunja msauzi vizuri, na wengi hudhani kinapima.

Na majaribio yote hayo hayana meno kama fedha zimekwisha. Desturi ya biashara hii ni asilimia 30 mwanzoni na asilimia 70 kabla ya mashine kupakiwa kwenye kontena. Maana yake mnunuzi analipa asilimia 100 kabla mashine haijakunja bati hata moja kwenye karakana yake. Muuzaji mwaminifu na asiye mwaminifu wanabaki sawa kuanzia hapo, kwa sababu hakuna anachopoteza yeyote kati yao akiacha kujibu simu. Tunamlaumu mtu wa Botou kwa kutojibu, ilhali sisi tulikubali mpangilio usiompa sababu ya kujibu. Kampuni ya Ulaya inayokuja kufunga mtambo yenyewe mara nyingi inafanya hivyo kwa sababu sehemu ya fedha zake bado iko mikononi mwa mnunuzi. Uaminifu wao nauheshimu, ila mkataba nao unafanya kazi kubwa ndani yake.

Kwenye spea nadhani mashine nyepesi inadhulumiwa waziwazi. Cheni yake ni ya vipimo vya kawaida, beringi zake zina namba zinazopatikana Gerezani au Kirinyaga Road ya Nairobi, sili za haidroliki vivyo hivyo. Cheni ikikatika saa nne asubuhi, fundi anaweza kurudi nayo kabla ya jioni. Mtambo wa gharama uliofungwa vipuri vya kiwanda kimoja tu unaweza kusubiri ndege wiki nzima. Kikwazo halisi kiko kwenye kompyuta ndogo inayoendesha mashine, ile PLC. Baadhi ya wauzaji huifunga kwa neno la siri, na enkoda inayopima urefu wa bati ikiharibika na kubadilishwa, hakuna anayeweza kuingiza vipimo vipya mpaka Uchina wajibu. Nakala ya programu na neno la siri vikabidhiwe siku ya kulipa salio, pamoja na michoro ya rola zote. Rola bila mchoro ni vigumu kuichonga upya.

Kuna mashine moja ambayo siitetei kwa namna hii, nayo ni ya kupasua koili pana kuwa tepe nyembamba. Visu vyake vya mviringo huachiana nafasi ya asilimia 5 hadi 10 ya unene wa chuma. Kwa milimita 0.3 hiyo ni chini ya nusu ya unene wa unywele. Hapo shafti ikicheza kidogo tu kingo zinatoka na makucha, zinachana rangi na kukata mikono, na hakuna skrubu ya kufidia. Anayepasua koili kwa ajili ya wengine aongeze fedha, aende kwa mtengenezaji mwenye rekodi ya mashine hizo hasa, awe wa Wuxi, Uchina, au wa Mondragón, Hispania, na azungumze na wateja wake wa zamani ana kwa ana.

Kwa anayenunua mashine ya kukunja mabati, ukaguzi wa muuzaji hauhitaji safari kila mara. Kampuni ya Uchina ina namba ya usajili ya tarakimu na herufi 18 kwenye leseni yake. Jina lililo hapo, jina la akaunti ya benki na jina la profoma yawe moja. Akaunti ikibadilishwa ghafla kwa barua pepe, pigeni simu kwa namba ya zamani kabla ya kutuma chochote. Muombeni atembee na simu ndani ya karakana yake mkiwa mnazungumza, mjue kama anatengeneza au anauza vya jirani. Kuuza vya jirani si kosa, mradi mjue ni nani atakayewajibika.

Kisha mkataba: asilimia 30 kwa oda, 60 baada ya majaribio kwa koili yenu, na 10 baada ya mashine kufanya kazi hapa kwa muda uliotajwa. Wauzaji watalalamika kuhusu hiyo 10, na wengine watapandisha bei kidogo ili kuifidia. Kubalini. Tuseme mashine ni dola 20,000. Sehemu inayobaki ni dola 2,000, na koili moja ya tani 5 itakayoharibika mkijaribu kurekebisha mikunjo ina thamani kubwa kuliko hiyo.