Muuzaji, hiyo skima ni ya hezi ngapi?

Nimechoka na namba ya lita kwenye boksi la skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji ya tangi la samaki kwa kuunasa kwenye povu; namba hiyo inadai skima inafaa tangi la lita ngapi. Ndiyo namba pekee ambayo wafugaji wa samaki wa maji chumvi hapa Arusha wanaulizana, ndiyo pekee ambayo wauzaji wanaitaja, na haikwambii karibu chochote kuhusu tangi lililoko sebuleni kwako.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Njiro aliniita nikamwangalizie tangi. Tangi zuri kwa kweli: lita 300, mawe yamepangwa kwa akili, samaki klauni wawili, matumbawe laini machache ambayo yalikuwa yameanza kujikunja. Chini ya kabati kuna sampu, yaani tangi dogo linalopokea maji ya tangi la juu, na ndani ya sampu kuna skima kubwa mpaka mlango wa kabati haufungi. "Kaka, nimeambiwa hii ni ya lita elfu moja," akasema. "Nikaona nikichukua kubwa nitakuwa salama. Sasa mbona kikombe cha kukusanyia uchafu kikavu mwezi mzima?" Nikaitoa pampu nikaigeuza. Kibandiko kipo, maandishi madogo: volti 110, hezi 60. Pembeni kuna transfoma ya kushusha umeme, ya moto huwezi kuishika. Muuzaji alimwongezea hiyo transfoma kwenye bei na kumhakikishia kwamba suala la umeme limekwisha.

Halijaisha, na limenikera kwa sababu si mara ya kwanza kuliona.

Transfoma inabadilisha volti. Hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, haizigusi. Umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50, wa Marekani ni volti 120 kwa hezi 60. Pampu nyingi za skima zinazochomekwa moja kwa moja ukutani zina mota ya sumaku inayozunguka kwa kufuata hezi za umeme. Kwenye hezi 60 inazunguka mara 3,600 kwa dakika, kwenye hezi 50 mara 3,000. Utaifunga na transfoma ya bei yoyote, mara 3,000 ndizo hizo hizo. Mtu atasema kupungua sehemu moja ya sita si jambo la kulilia. Lakini msukumo wa pampu haupungui sambamba na mzunguko, unashuka kwa mraba wake, maana yake ni kwamba karibu asilimia 30 ya msukumo imekwenda. Na skima bila pampu ni bomba tupu la plastiki. Ile impela, gurudumu la ndani ya pampu lenye vijiti vingi vyembamba, ndiyo inayovuta hewa kupitia kimpira cha hewa na kuikatakata iwe viputo vidogo vidogo. Ikizunguka polepole, hewa inayoingia ni kidogo na viputo vinakuwa vikubwa. Kiputo kikubwa kinapanda mbio na kupasuka kabla uchafu haujapata nafasi ya kukinatia. Juu ya hapo, mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiipa 50 kwa volti zilezile inavuta mkondo mwingi zaidi, inapata joto, na joto hilo linaishia ndani ya maji ya samaki wako.

Kwa hiyo kijana amelipa zaidi ya milioni moja kwa mashine ambayo haiwezi kufanya kazi yake katika nchi hii. Yule aliyemuuzia angeweza kusoma kibandiko. Kinachukua nusu dakika.

Tuseme hata hezi zingekuwa sawa. Skima ile bado isingemfaa, na hapa ndipo ile imani ya "chukua kubwa kuliko zote" inapowaumiza watu. Skima inafanya kazi kwa sababu protini na mafuta yaliyoyeyuka kwenye maji yanapenda kukaa pale hewa na maji vinapokutana. Ukiwa na viputo vingi vidogo, unakuwa na eneo kubwa la kukutania, uchafu unanata, povu linapanda kwenye shingo ya skima, lile bomba la juu, na kumwagika kwenye kikombe kabla haujaoza na kugeuka amonia na baadaye naitreti. Maji chumvi yanasaidia kwa kuwa viputo haviungani upesi kama kwenye maji yasiyo na chumvi. Ukitembea ufukweni Pangani siku ya upepo na kuona lile povu la rangi ya chai lililoachwa na mawimbi, umeona kazi hiyohiyo ikifanywa na bahari yenyewe.

Lakini povu haliwezi kusimama bila uchafu. Shingo pana inataka uchafu mwingi ndipo povu lijae, lishikane na kupanda hadi juu. Samaki wawili wanaolishwa mara moja kwa siku hawana uchafu wa kujaza shingo ya namna ile. Nilikaa nikalitazama povu la Njiro kwa muda mrefu: linapanda mpaka katikati ya shingo, linatulia pale, linaanza kubomoka kutoka juu, linarudi chini, linaanza tena. Ukutani kumebaki mstari mmoja wa kahawia, mwembamba, na juu yake plastiki inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Uchafu uliofika nusu ya safari umerudi wote kwenye maji. Kisha siku konokono akifa nyuma ya jiwe, au mgeni akimwaga chakula cha ziada, povu litafumuka ghafla na kumwaga hadi sakafuni. Skima ndogo yenye shingo nyembamba ingekuwa inatoa kidogo kidogo kila siku, kahawia iliyokolea, yenye harufu inayokufanya ugeuze uso. Harufu hiyo ndiyo unayoilipia.

Kwa hiyo kuhusu ukubwa, swali la kwanza dukani ni unalisha nini na kiasi gani kwa siku. Watengenezaji wengi wenyewe wanaandika namba mbili au tatu: lita kwa tangi lenye samaki wachache, lita kwa tangi la wastani, lita kwa tangi lililojaa. Wauzaji wetu wanasoma ile kubwa tu. Ukiwa na samaki wengi wanaokula sana, soma ile ndogo na uiamini hiyo. Ukiwa na samaki wawili watatu na matumbawe laini, namba ya samaki wachache inakutosha, na usiizidi mbali. Halafu uliza kipenyo cha shingo, na uliza inavuta lita ngapi za hewa kwa saa. Muuzaji asiyejua akaangalie.

Kuna watakaonijibu kwamba bei ndiyo inayosema. Mwaka 2009 Ken Feldman, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani, yeye na wenzake walizipima skima kadhaa kwa kufuatilia kaboni ogania, yaani kaboni ya mabaki ya viumbe na chakula, iliyomo kwenye maji. Walikuta zinaondoa takriban asilimia 20 hadi 30 ya kaboni hiyo, basi, na tofauti kati ya moja na nyingine haikuwa kubwa kama matangazo yanavyotaka tuamini. Mimi nimeyachukua hayo hivi: pesa ya kununua jina maarufu au ukubwa wa kujionyesha, afadhali uiweke kwenye pampu inayoendana na umeme wa hapa.

Na umeme wa hapa, kwa maoni yangu, unataka pampu ya DC, yaani ya umeme mnyoofu kama wa betri, ya volti 24. Adapta zake nyingi zinapokea volti 100 hadi 240, hezi 50 au 60, kwa hiyo hata ikitoka Marekani inazunguka inavyotakiwa. Kasi unaipunguza na kuiongeza kwa kitufe, jambo linalokuokoa ukikosea ukubwa kidogo, na mwenye betri za sola anaweza kuiendesha bila hasara kubwa. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kidhibiti chake ni kitu chepesi, umeme ukirudi kwa kishindo kinaungua, na spea kuipata hapa mjini ni shughuli ya wiki nyingi. Ukiiogopa hiyo, chukua ya AC, ile ya kuchomeka moja kwa moja ukutani, iliyoandikwa volti 230, hezi 50. Kampuni za Tunze na Deltec ni za Ujerumani, na umeme wa Ujerumani ni sawa na wetu. Vyovyote utakavyochagua, weka stebilaiza nzuri.

Kukatika kwa umeme kuna madhara mengine ambayo hayajaandikwa kwenye boksi. Pampu zikizima, maji ya tangi la juu yanashuka kwenye sampu na kina kinapanda. Umeme ukirudi, skima inawaka ikiwa imezama kupita kiasi, povu linafumuka, na uchafu wote wa wiki unarudi kwenye maji ndani ya dakika chache. Skima nyingi za kuweka ndani ya sampu zinataka maji ya kina cha sentimita 18 hadi 23 hivi, na kina hicho kisibadilike. Mwambie fundi wa vioo akuwekee chumba cha skima chenye ukuta wake, na pima kina hicho kabla hajakata kioo. Chini ya kikombe funga mpira unaoelekea kwenye dumu. Na kama una inveta ndogo, usiipe skima kwanza. Ipe pampu ya kuzungusha maji, kwa sababu samaki wanakufa kwa kukosa hewa muda mrefu kabla hawajafa kwa uchafu.

Kuhusu hewa, sisi wa Arusha tuna la ziada. Tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa umepungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Povu lenyewe halijali, kwani lita ya hewa inatengeneza viputo vilevile. Samaki ndio wanaojali. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 yanaweza kubeba karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita kule pwani. Hapa hayafiki 6. Samaki wa mwambani aliyezoea pwani anaishi kwetu na akiba ndogo. Ndiyo maana skima inayovuta hewa vizuri ina thamani kubwa zaidi huku kwetu kuliko Dar, na ndiyo maana nakasirika nikiona imenunuliwa kwa kukisia. Watu wa Moshi, ninyi mko chini kidogo, lakini joto lenu linakula ile nafuu.

Hewa hiyo pia angalia inatoka wapi. Juni na Julai tunafunga madirisha kwa baridi, wengine jiko la mkaa liko karibu, na skima inavuta kaboni dayoksaidi yote hiyo na kuisaga ndani ya maji. Asidi inapanda, matumbawe magumu yanashindwa kujenga mifupa yake. Toboa ukuta, pitisha kimpira cha hewa hadi nje. Na jamani, dawa ya mbu ya kopo! Dawa hizo nyingi zina sumu za jamii ya pareto, ambazo kwa binadamu ni kali kiasi lakini kwa kamba, kaa na samaki ni kifo. Skima inavuta hewa ya chumba usiku kucha. Ukipuliza sebuleni umepuliza ndani ya tangi. Waambie wote walioko nyumbani, na msaidizi wa kazi za ndani mwambie kwa upole na mapema, kabla hajatimiza wajibu wake wa kila jioni na asubuhi mkaamka kwenye msiba.

Tangi dogo, chini ya lita 100, linaweza kuishi bila skima kabisa ukibadilisha maji kila wiki. Sibishi. Ila kwa tangi la lita 300, asilimia 10 kwa wiki ni lita 30, ni zaidi ya kilo moja ya chumvi ya kuagiza, kila wiki, mwaka mzima. Piga hesabu kwa bei ya chumvi ya hapa mjini. Maji ya bomba na floraidi yake, watu wa kata ya Maji ya Chai mnanielewa, hayaingii kwenye tangi bila kuchujwa. Na anayepanga kwenda kung'oa matumbawe Tanga ili kuokoa pesa, naomba asiende. Miamba ile imepigwa baruti miaka mingi na ikapaushwa na joto la 1998. Haina deni na sisi.

Skima mpya isipotoa povu siku za mwanzo, usiiguse. Mafuta ya kiwandani yanahitaji wiki moja hadi mbili kuisha. Usitie mkono wenye mafuta ya kupaka. Futa shingo kila baada ya siku mbili tatu, loweka pampu kwenye siki kila miezi mitatu.

Yule kijana nimemshauri airudishe skima na transfoma yake pamoja, na nitamsindikiza. Ninachokidai kwa wauzaji wa Arusha na Moshi ni kidogo: kwenye tangazo andikeni volti na hezi, andikeni lita za hewa kwa saa, andikeni kipenyo cha shingo na kina cha maji inachotaka. Mkishaandika hayo, lita za tangi wekeni mkitaka.