Tenti Imelipwa, Mwimbaji Ameambiwa Asante

Wiki iliyopita dada mmoja anayerap, mkaazi wa Manyatta hapa Kisumu, alinionyesha ujumbe aliotumiwa na shirika moja la haki za binadamu. Walikuwa wanaandaa siku ya kuwakumbuka vijana waliouawa kwenye maandamano, na walimtaka aje aimbe nyimbo zake mbili, zile za kuhusu polisi. Ukumbi upo, spika zipo, chakula cha mchana kipo, kamera zitakuwepo. Kisha mstari wa mwisho: "Ila dada yetu, unajua hii ni kazi ya jamii, kwa hiyo hatujatenga kitu cha msanii."

Nimekasirika, na hasira yangu haijapoa. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo na najua bajeti zake zinavyoandikwa. Mwenye tenti analipwa, tena anadai nusu kabla hajateremsha chuma hata kimoja kwenye pikapu. Mwenye viti analipwa. Mama wa chakula analipwa. Mwezeshaji anayetoka Nairobi analipiwa ndege, hoteli na posho ya kila siku. Washiriki wanapanga foleni kusaini karatasi ya nauli. Mpiga picha ana ankara yake. Anayebaki ni mtu mmoja tu, yule ambaye sauti yake itawekwa chini ya video ya kupelekewa wafadhili, na huyo ndiye anayeambiwa aiweke jamii mbele ya kodi ya nyumba yake.

Nasema haya nikiwa ndani ya harakati, si nje. Nataka nyimbo hizi ziendelee kuimbwa, na nazitaka ziimbwe na watu ambao bado watakuwa wanaimba miaka kumi ijayo.

Sisi wa kando ya ziwa hatuwezi kujifanya hatujui muziki unavyolipwa. Tumelelewa na pakruok, desturi ya Waluo ya kulipa bendi ili majina yasifiwe. Mtu anasimama mbele ya bendi, noti mkononi, gitaa linashuka, anajisifu, anamsifu mamake, shemejiye, watu wa kwao Alego, na mwimbaji anayabeba majina hayo hadi mwisho wa wimbo. Benga na ohangla zimeishi hivyo kwa miaka mingi, kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye vilabu vya Kondele, mara nyingi bila mkataba wa kampuni ya Nairobi. Leo tunasikia habari za wasanii huru kana kwamba ni jambo lililoingia na simu janja. Wazee wetu walijisimamia siku nyingi. Walijua jioni ile ile kama wamekula au hawajala.

Lakini pesa ile ina mwelekeo wake, na hili hatulisemi vya kutosha. Anayetoa ndiye anayetajwa. Mjane wa Nyalenda hana elfu kumi za kumpa mwimbaji ili jina la mwanawe aliyepigwa risasi litajwe mbele ya watu. Mheshimiwa anazo, na anazitoa, na jina lake linaimbwa usiku kucha hadi watoto wa jirani wanalikariri. Watu wanaotafuta ubunge wana nyimbo zao. Waliouawa hawana. Si kwa sababu wanamuziki wetu hawana utu. Ni kwa sababu hakuna aliyesimama mbele ya bendi kwa niaba ya marehemu.

Hapo ndipo palipokuwa pahali petu. Mtoto Samantha Pendo alikuwa na miezi sita tu Agosti 2017, polisi walipoingia usiku nyumbani kwao Nyalenda, akapigwa rungu kichwani, akafa siku chache baadaye. Ripoti zimeandikwa, kesi imezunguka mahakamani mwaka baada ya mwaka. Mtu wa kawaida hasomi ripoti. Anasikiliza wimbo, kwenye matatu, kwenye kinyozi, akifua nguo. Kama tunataka jina la mtoto yule lidumu midomoni mwa watu wa mji huu, mtu lazima atoe pesa ili liimbwe, kama mheshimiwa anavyotoa ili la kwake liimbwe. Mashirika yana pesa hizo. Sisemi yana mamilioni. Nasema palipopatikana pesa za mabango, fulana na maji ya chupa, palikuwa na pesa za mwimbaji.

Halafu msanii akionekana kwenye lori la mwanasiasa, sisi ndio wa kwanza kumwita msaliti. Nilimuuliza kijana mmoja wa Kondele, ambaye wimbo wake ulichezwa sana wakati wa maandamano ya 2023, kwa nini sasa anazunguka na msafara wa mtu aliyekuwa akimpinga. Alinijibu bila kuinamisha macho: "Omera, mheshimiwa alinilipia nyumba miezi sita. Nyinyi mlinipa fulana." Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata, kwa sababu hakuna. Uchaguzi ni Agosti 2027. Wanasiasa wameshaanza kutafuta sauti, na hawatumi ujumbe unaoishia na samahani ya bajeti. Wanakuja na malipo ya kwanza mkononi.

Na kazi hii tunayoitaka bure ina hatari ambayo mwenye tenti haijui. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki kwenye ajali ya barabarani hapa hapa Kisumu mwaka 2006, aliimba hekaya za wanyama na visa vya Biblia ambavyo kila msikilizaji alijua vinamgusa nani, na hata kwa mafumbo hayo alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja. Tusidhani hayo yalikwisha na enzi ya chama kimoja. Aprili 2025, kule Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama, wasichana wa shule ya Butere waliokuwa na agizo la mahakama la kuwaruhusu kuigiza walizungukwa na polisi, vitoa machozi vikarushwa, nao wakaimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani. Hao ni wanafunzi, kwenye mashindano ya shule! Miezi miwili baadaye Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Msanii anayetaja polisi kwenye wimbo leo anayajua haya yote. Mamake anayajua pia, na ndiye anayempigia simu usiku kumwomba aimbe nyimbo za mapenzi.

Kwa hiyo tukimwita, tunamwomba akae mstari wa mbele. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, na mashirika yetu yanapenda kukisoma kwa sauti kwenye makongamano. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu. Hicho hawakisomi, kwa sababu kinawagusa wao pia: wimbo wa mtu umewekwa kwenye video yao bila kuombwa, bila kulipwa, na wakati mwingine hata jina la mwimbaji halimo. Nimeona video ya aina hiyo ikipigiwa makofi ukumbini, mwenye wimbo akiwa ameketi safu ya nyuma.

Wapo watakaosema msanii ale jasho lake mtandaoni. Wanaosema hivyo hawajawahi kuketi na msanii wakahesabu. YouTube haianzi kugawana nawe pesa za matangazo mpaka uwe na watu 1,000 waliojiunga na chaneli yako na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Spotify, tangu 2024, haiulipi kitu wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya mwaka. Wimbo wa kumlilia kijana wa Obunga, ulioimbwa nusu Kiswahili nusu Dholuo, unaweza kumliza kila anayeusikia na bado usifike hapo. Na ukifika, kinachotoka hakirudishi gharama ya studio. Skiza, huduma ya Safaricom ya wimbo unaosikiwa na anayekupigia simu, angalau sheria iliirekebisha 2022, mwenye wimbo akatengewa asilimia 52, na huo ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini mwambie mtu wa kawaida aweke kilio cha maandamano kiwe mlio wa simu yake, mwajiri wake akimpigia akisikie. Watu wanaogopa, na siwalaumu.

Kuhusu vyama vya kukusanya mirabaha sitasema mengi. Mivutano yao na bodi ya hakimiliki imekuwa ikiburutana miaka na miaka, na wanamuziki wa huku wamezoea kupokea kidogo na kuelezwa mengi.

Kaunti ndiyo jambo zito kidogo. Kwa Katiba, shughuli za utamaduni na burudani za umma ziko mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba ofisi ile ile inayotoa kibali cha shoo yako ndiyo pia inayokodisha bendi kwa sherehe zake, na ndiyo ungependa kuiuliza kuhusu takataka za soko la Kibuye. Msanii anayeuliza anajua orodha ya sherehe ijayo itaandikwa na nani. Ndiyo sababu nyingine ya sisi kumpa mahali pengine pa kusimama.

Lazima nikubali jambo moja, ingawa naona linavyotumiwa vibaya. Juni 2024 hakuna aliyelipwa. Watu walitoka wenyewe kupinga Mswada wa Fedha, hapa Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega, kila mtu kwa nauli yake, na wanamuziki walitoka vivyo hivyo. "Anguka Nayo" ya Wadagliz, wimbo wa kuchezea klabuni, ukageuzwa na umati kuwa wimbo wa barabarani, na hakuna aliyekuwa na ankara mkononi. Ilikuwa sahihi. Pale ambapo wote wanatoa bure, mwimbaji naye atatoa bure, na mara nyingi atatoa zaidi ya wengine. Vikundi vidogo vya mtaani vinavyokutana chini ya mti bila shilingi sivisemi kabisa. Ninachokataa ni kuichukua roho ya siku ile na kuipeleka kwenye ukumbi wa hoteli yenye viyoyozi, ambako kila mtu analipwa, kisha mwimbaji peke yake aambiwe kwamba huu ni moyo wa kujitolea.

Tena nakumbuka 2002. Gidi Gidi Maji Maji, vijana wenye lugha yetu, walitoa "Unbwogable", wimbo wa vijana wawili wanaokataa kutishwa na maisha. Siasa ikaubeba, ukawa wimbo wa NARC, muungano wa upinzani, ukaimbwa nchi nzima hadi utawala wa Moi wa miaka 24 ukafika mwisho. Nilichojifunza pale ni kwamba wimbo wenye nguvu hauachwi peke yake. Lazima mtu atauchukua. Swali ni nani atafika kwanza, na je, mwenye wimbo atakuwa na nguvu ya kusema hapana? Mwenye njaa hana nguvu hiyo. Mwenye kodi iliyolipwa anayo.

Ninachoomba si kikubwa. Shirika linapoandika pendekezo kwa mfadhili, mstari wa msanii uandikwe pamoja na ule wa ukumbi, si baada ya kila kitu kugawanywa. Apewe nusu kabla, kama mwenye tenti. Kwa gharama ya kongamano moja la siku mbili mnaweza kumlipia msanii studio, prodyusa na video, na kazi hiyo itasikika baada ya vijitabu vyenu kufungiwa mandazi. Wimbo ubaki wake. Nyinyi ombeni ruhusa ya kuutumia, kwa maandishi, kwa muda unaojulikana. Wakili anayesimama na waandamanaji apewe na majina ya waimbaji wa siku hiyo. Na namba ya M-Pesa ya msanii iwekwe kwenye bango, kwa herufi kubwa kama nembo ya mfadhili, ili na sisi tuliokuja kusikiliza tuweze kutoa mia zetu mbili mbili. Tumezoea kutoa. Tunatoa kwenye matanga kila Jumamosi. Hakuna aliyewahi kutuomba tumtolee mtu anayesema ukweli.

Matayarisho ya kumbukumbu za waliouawa kwenye maandamano ya 25 Juni 2024 huanza mapema, na kila mara watu hunipigia kuuliza ni wasanii gani wa Kisumu, Siaya na Kakamega wanaweza kuja kuimba. Ninao, na ni wazuri: mpiga nyatiti, warapa, na kwaya ya vijana wa Nyalenda inayoimba kwa Kiswahili kinachokutoa machozi. Anayewahitaji aniandikie, na kwenye ujumbe wa kwanza aseme siku, mahali, na kiasi alichotenga.